Maganda ya Ami Nassor

Wiki iliyopita Mwanaidi, msichana wa Tanga anayenisaidia kazi za nyumbani hapa Nizwa, Omani, aliloweka dele langu la shaba la kumiminia kahawa katika ukwaju akalisahau. Kosa lenyewe si kubwa. Kwao na kwetu shaba husafishwa kwa kitu hichohicho, ukwaju na jivu kidogo. Unasugua, unasuuza, unafuta, na zile dawa za makopo zinazouzwa madukani hazifui dafu. Ila ukwaju hautaki kulazwa na shaba usiku kucha. Asubuhi alinijia nalo mikononi, macho chini. "Shikamoo mama," akasema, "dele limenigeukia." Lilikuwa limekuwa la waridi, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.

Nilikaa palepale kwenye kizingiti cha jiko. Yule binti akadhani nimekasirika, akaanza kuniomba radhi, na mimi nikampungia mkono kwamba dele si kitu. Kilichonikalisha chini ni ile harufu, ukwaju uliolala na shaba, uchachu wenye chuma ndani yake. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni, na nilikuwa nimejihakikishia kwamba nimeshaisahau. Watu wa umri wangu wanajua pua isivyo na adabu. Inakuchukua inapotaka bila ya kukuuliza kama uko tayari. Mimi ilinichukua mpaka Ibra, dukani kwa baba, kwa Ami Nassor.

Baba yangu alikuwa fundi wa bunduki. Najua wengine mtashtuka, lakini waliokulia upande wetu hawatashtuka. Kwetu bunduki ilitungikwa ukutani majlisi, chumba cha wageni, ikatoka siku ya harusi na siku ya Idi, na ilikuwa na karatasi zake za serikali kama gari. Baba alikuwa na ruhusa yake na duka dogo katika kichochoro nyuma ya soko la zamani, lenye jiliwa, mashine ya kukerezea na tupa za kila namna. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mdogo wake, Ami Nassor, ndiye aliyepewa maneno ya wote wawili. Alisomesha skuli asubuhi, na alasiri zake zote zilikuwa dukani kwa kaka yake, amekaa juu ya kasha la mbao, anatoa mashauri ambayo hakuna aliyemwomba.

Walikuwa na ndoto moja, na ndoto hiyo waliigombania kila siku. Walitaka kutengeneza bunduki kubwa ya masafa, magnam, ambayo hakuna duka duniani linaloiuza, kwa kuwa risasi yake wangeitunga wao wenyewe. Kwa asiyejua kazi hii niseme hivi: risasi fundi anaweza kuitunga, lakini ganda lake la shaba, lile linaloshika baruti, hawezi kulizua kutoka hewani. Anachukua ganda la bunduki nyingine, analibana shingo, analinyoosha mabega, mpaka liwe kitu kipya. Kwa hiyo kazi yote huanzia kwenye kuchagua ganda la kuanzia, na ukikosea hapo umekosea mpaka mwisho. Baba na Ami walikuwa hawajavuka hapo.

"Hili lina tumbo, kaka," Ami alikuwa akisema, akinyanyua ganda la bunduki ya zamani ya babu. "Litakula baruti mpaka lishibe. Wallahi risasi itavuka bonde lote la wadi na kurudi."

"Na likipasuka, jengine utalipata wapi? Hawayatengenezi tena hayo," baba akijibu bila ya kuinua kichwa. "Mimi nataka ganda ambalo nikiingia dukani nalikuta."

"Ndiyo maana ukaoa mtoto wa ami yako, nyumba ya pili. Cha karibu tu ndicho unachokiona weye."

Siku hiyo mama alikuwa ameingia na birika la chai, na kiatu chake kilimpata Ami begani. Tulicheka sote, hata baba. Namkumbuka Ami zaidi kwa kicheko kile kuliko kwa sura yake, maana sura imeshachanganyika na picha yake iliyokuwa ukutani, na picha haikuwa ikicheka.

Kisha akaenda Nizwa kuchukua mbao ya kitako cha bunduki yao ambayo baba alikuwa ameiagiza, na alipokuwa akirudi, wadi, lile bonde kavu la mto, ilishuka na mafuriko karibu na Izki. Mvua yenyewe ilinyesha mbali, milimani. Kule barabarani jua lilikuwa likiwaka. Gari lilipatikana limelala ubavu ndani ya shamba la mitende, na mbao ikapatikana. Ami Nassor hakupatikana. Wanaume wa Ibra na wa Izki walimtafuta mpaka wadi ikakauka na kuanza kupasuka matope yake, wakarudi mikono mitupu.

Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa Ami yuko safarini.

Aliyesema hivyo ni Bibi, mama yao, na katika nyumba yetu neno la Bibi lilikuwa halina rufaa. Alizaliwa Unguja, akaja Ibra mtu mzima na masinia yake ya shaba na Kiswahili chake, na vyote viwili alivilinda visipate kutu. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho. Alikuwa akiona vivuli na mwangaza, mengine akituuliza sisi. Bibi alisema hawezi kuweka tanzia na kupokea rambirambi za mtu ambaye hakumwosha wala hakumwona. Shekhe wa msikiti wetu alikuja, akanywa kahawa, akamweleza kwa upole kwamba inafaa, kwamba muda umeshapita. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea kahawa, akasema, "Akirudi akakuta tumeshamlia, tutamwambia nini?"

Basi neno marehemu likawa halitamkwi. Sahani ya Ami iliwekwa kila mlo. Nguo zake zilifuliwa, zikapigwa pasi, zikarudishwa kabatini, na kila baada ya muda zilitolewa zikafuliwa tena ingawa hakuna aliyezivaa. Mtoto akikulia ndani ya mambo kama hayo hayaoni ya ajabu. Mimi nilijua watu wengine wana ami wanaoonekana, na mimi nina wangu asiyeonekana.

Na nilikuwa nikijua anakokaa, maana nilimsikia baba akizungumza naye. Nilikuwa nikipelekwa dukani alasiri kumpelekea baba chai, na nikifika kwenye pazia nilikuwa nikimsikia. "Sasa hebu nambie, Nassor," alikuwa akisema, yule baba ambaye nyumbani alikuwa hatoi neno bila ya kuvutwa, "nikilibana shingo kiasi hiki, bega litastahamili?" Halafu ananyamaza, kama mtu anayesikiliza, halafu anaguna. "Wajua weye kila kitu." Nikiingia, namkuta peke yake, ganda mkononi, na kasha la mbao liko mbele yake, halijawekewa kitu juu. Nilikuwa nalipita lile kasha kwa adabu. Siku moja nililisalimia, shikamoo Ami, na baba akanitazama kwa muda mrefu, hakunikataza. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Ikafika siku baba akasema mbele ya sote, wakati wa kula, kwamba bunduki ataitengeneza, na ganda la kuanzia litakuwa lile la Nassor, lile lenye tumbo. Alisema huku akitazama sahani isiyokuwa na mtu. Mama alishusha kijiko. Bibi aliinuka bila ya kumalizia wali wake, akaenda chumbani, akarudi na furushi la kanga. Ndani yake mlikuwa na maganda, yale aliyokuwa akiyaokota Ami kila alipopiga shabaha kwa bunduki ya babu. Alikuwa akiyatia mfukoni mwa kanzu, na Bibi alikuwa akiyatoa kabla ya kufua. Hayakuwa mengi. Bibi alikuwa ameyaweka pamoja na ubani na udi, na yalikuwa meusi ya moshi.

"Ndiyo yote yaliyobaki," akasema. "Lakini hukabidhiwi yakiwa machafu hivi. Mtoto wangu hakuwa mchafu. Niachie niyasafishe kwanza."

Baba alisita. Nakumbuka alisita, alifungua mdomo, kisha akasema, "Inshallah, mama," na akaenda zake kazini.

Bibi aliyasafisha kama alivyokuwa akisafisha masinia yake, kwa namna aliyofundishwa na mama yake kule Unguja. Nilikaa naye uani. Aliufikicha ukwaju ndani ya bakuli, akatia jivu, akayazamisha moja moja, kila moja akilipapasa kwa kidole gumba ndani na nje kama anayekosha masikio ya mtoto. Nilimuuliza mbona hayatoi tukayafuta. "Masinia yana uchafu wa chai," akaniambia. "Haya yana uchafu wa moto. Yaache yalale." Akayafunika kwa kawa. Yakalala siku hiyo, na siku ya pili wakaja wageni kutoka Sur, yakalala tena. Mimi nilikuwa nikenda kufunua na kunusa.

Alipoyatoa, akaniuliza yamekuwaje. Nilitazama nikashindwa kusema. Ule weusi wote ulikuwa umekwenda na chini yake hapakuwa na manjano. Yalikuwa ya waridi, mororo, yana rangi ya kitu kilicho hai. Mimi sikujua kemia. Nilijua kwamba mtu akizimia uso wake hupauka, na akizinduka damu humrudia mashavuni, kwa kuwa niliona hivyo kwa mama alipokuwa na mimba. Nikamwambia Bibi, "Yamepata damu."

Bibi alitulia. Kisha akasema taratibu, "Sema mashallah," nami nikasema. Aliyafuta akilia, na alikuwa akitabasamu.

Baba aliporudi, yalikuwa yamepangwa juu ya sinia majlisi, juu ya kitambaa cheupe, kama halua ya wageni. Alilichukua moja akalielekeza dirishani. Nilikuwa nimesimama karibu naye, najivuna, maana kazi ilikuwa pia yangu. Nilimwona anavyopitisha ukucha wake chini ya kitako cha ganda, pole pole, na uso wake ukifanya kitu ambacho sikuuona ukikifanya tena mpaka anakufa.

"Yametakata?" Bibi akauliza.

"Yametakata, mama."

"Zuwena anasema yamekuwa ya waridi," akasema, akinishika kichwa.

"Ndivyo shaba inavyokuwa ikitakata kweli," baba akasema. "Sijaona shaba iliyotakata hivi."

"Na yatabaki hivyo hivyo?"

"Yatabaki hivyo hivyo."

Sasa najua alichokuwa akikijua. Ukwaju ukilala na shaba unaila kwa ndani. Unaondoa zinki, ndiyo inayoipa nguvu na umanjano, na unaacha waridi tupu. Ganda la namna ile linaonekana zima, lakini baruti ya magnam ikiwashwa ndani yake linapasukia usoni mwa aliyeshika bunduki. Hapakuwa na maganda mengine ya aina hiyo Ibra nzima, na huenda Omani nzima. Mama yake alikuwa ameviharibu vitu vya mwisho vya mwanawe kwa mikono yake, kwa mapenzi yake, na yeye baba ndiye aliyekuwa na ulimi wa kumwambia. Hakumwambia. Angeweza kuacha bunduki kabisa, lakini Bibi alikuwa ameshaanza kuuliza kila asubuhi imefikia wapi, na kwa mara ya kwanza tangu wadi ile alikuwa akila akamaliza.

Siku chache baadaye nilipeleka chai nikasimama nje ya pazia. Baba alikuwa akizungumza na Ami, na safari hii hakuwa akinyamaza kusikiliza. "Yameoza, Nassor. Nikitia baruti humu nitabaki bila ya uso. Utanambia nini? Mwambie weye mama, mimi siwezi." Nikasikia kitu kinawekwa juu ya jiliwa. "Basi nisamehe. Nakwenda na langu." Nikaingia. Mkononi alikuwa ameshika ganda la manjano, jipya, lile la dukani alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Yale ya waridi yalikuwa yamefungwa kwenye kanga yake, ndani ya droo, na baba akaisukuma droo kwa goti ikajifunga. Aliniambia chai niiweke nikacheze.

Bunduki ilikuwa nzuri. Hata mama, ambaye alikuwa hazipendi, alipitisha mkono juu ya kile kitako kilichotengenezwa kwa mbao iliyotoka wadini. Siku ya Idi wanaume walitoka nje ya mji kupiga shabaha kama kawaida, jiwe jeupe limewekwa mbali kwenye ubavu wa jabali, na safari hii Bibi akasema na yeye anakwenda. Hakuwahi kwenda. Baba alijaribu kumzuia kwa jua, kwa vumbi, kwa maneno ya watu. "N'nakwenda kumsikiliza mwanangu," Bibi akasema, na ikawa khalas. Tulimkalisha kwenye gari mlango wazi, mimi miguuni pake, kanga juu ya magoti.

Baba alilala chini nyuma ya bunduki kwa muda mrefu sana. Mlio ulipotoka niliusikia kifuani kabla ya masikioni, ukaenda mpaka jabalini, ukarudi, na kule mbali lile jiwe halikuwapo tena. Wanaume wakaanza kupiga makofi na kuimba. Baba hakuimba nao. Alifungua bunduki, ganda likaruka likaanguka mchangani, akaliokota, akatujia akilihamisha kiganja hiki na kile kwa ajili ya moto wake. Alilitia mkononi mwa Bibi na akamfumba kiganja juu yake.

Bibi alilinusa. Alilipapasa mdomo, shingo, bega. Kisha akainama. "Zuwena, mwanangu. Lina rangi gani?"

Baba alinitazama. Sasa ndio najua alikuwa akiniomba niseme waridi, lakini mimi wakati ule niliona tu macho ya baba, mekundu ya baruti. Mimi nilikuwa nikitazama ganda. Nilikuwa nimetarajia waridi, na waridi haikuwapo. Ilikuwa manjano kavu, na doa jeusi mdomoni. Nikasema nilichokiona.

"Manjano, Bibi. Damu imetoka."

Hakuna aliyesikia isipokuwa sisi watatu. Bibi hakumgeukia baba. Alifumba mkono wake juu ya ganda. Wanaume wakaja kumpa mkono wa Idi na kumsifu mwanawe, na Bibi akawajibu mmoja mmoja kwa heshima, Kiarabu kwa Kiarabu na Kiswahili kwa Kiswahili. "Kapiga vizuri," akasema. "Kapiga vizuri mwanangu." Hakusema mwana yupi. Walipoondoka akamwambia baba, "Sleiman, nirudishe nyumbani. Na kesho waite watu."

"Watu gani, mama? Si Idi hii?"

"Wa tanzia. Mdogo wako kafa."

Na kesho yake watu wakaja. Mazulia yalitandikwa, halua ya Idi ikafichwa, kahawa ikapikwa kwenye masufuria. Wanawake waliingia kwa Bibi wakamkumbatia, na yeye, aliyekuwa amekataa muda wote ule, aliwapokea akiwaambia, "Nassor kafa, mwombeeni." Nguo za Ami zilitoka kabatini zikagawiwa. Chakula cha mchana kilipokuja, mama alihesabu sahani akaanza kulia, kwa kuwa zilitosha watu waliopo tu, ya Ami haikuwamo. Mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma ya mlango wa majlisi, naangalia upande wa wanaume. Baba alikuwa amesimama wa kwanza kwenye safu, na wanaume wote wa Ibra walikuwa wakipita mmoja mmoja kumpa mkono.

Sasa nitaeleza kilichoingia kichwani mwangu, na msinicheke. Mimi Ami wangu alikuwa hai. Alikuwa akikaa dukani, akizungumza na baba, na damu ilikuwa imeshamrudia. Niliiona kwa macho yangu. Baba akamwambia nisamehe, nakwenda na langu. Kisha baba akalala chini nyuma ya bunduki, akafyatua, damu ikatoka, na kesho yake Ami akawa amekufa na watu wanakuja kumpa baba mkono. Nani angeniambia vingine? Hakuna aliyeniambia kitu. Kwa akili yangu yote ya siku zile, nilikuwa nimemwona baba yangu akimuua ndugu yake, mchana kweupe, na mji mzima ukimpongeza.

Niliacha kupeleka chai. Nikiitwa nilikuwa naumwa na tumbo. Akinipa tende kwa mkono wake nilikuwa naitia kwenye kanga nakwenda kuitupa bandani kwa mbuzi. Nilihama chumbani kwangu nikalala kwa Bibi, ukutani, na yeye mbele yangu kama ngome. Kwenye gari nilikaa nyuma, na baba alipokohoa niliruka. Baba hakuelewa. Alininunulia viatu vya kung'aa, akaninunulia mwanasesere anayefumba macho, na mimi nilivipokea kwa adabu ya mtoto aliyetekwa. Nilimsikia siku moja akimuuliza mama jikoni, "Huyu mtoto nimemfanya nini?" na mama akamjibu, "Anakua tu." Baba akatoka nje akaosha gari ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Bunduki ilitungikwa majlisi. Wageni waliisifu, wengine walitaka kuinunua, baba akitikisa kichwa. Hakuipiga tena hata mara moja. Na Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo katika nyumba ile ile naye, wakinywa kahawa pamoja kila alfajiri, na sikuwahi kusikia yeyote kati yao akilitaja jambo la shaba. Bibi alimficha mwanawe kwamba anajua ganda halikuwa la Nassor, na mwanawe alimficha Bibi kwamba anajua kuwa anajua. Mimi nilikuwa katikati yao na hofu yangu, na hakuna aliyemsaidia mwenziwe.

Ukweli niliupata kidogo kidogo, kama wote tunavyoupata. Mwaka fulani nikafahamu habari ya wadi, mwaka mwengine nikafahamu mtu aliyepotea ni nini, na nilipofika chuoni nikafahamu habari ya ukwaju na shaba. Lakini akili ikishafahamu, mwili una ukaidi wake. Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, nina watoto, na baba akiniwekea mkono begani kwa ghafla nilikuwa bado nakakamaa. Aliuzoeza mkono wake kukaa mbali nami. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko tanzia zote nilizozihudhuria.

Nilimwambia mwishoni kabisa, na hata hapo sikukusudia. Bibi alikuwa ameshafariki, duka limefungwa, na mimi nilikuwa namchukua baba kutoka Ibra kumleta hapa Nizwa akae nami karibu na hospitali. Tulipokaribia Izki, pale barabara inapoivuka wadi, alikaa kitako sawasawa na kutazama mawe makavu kama alivyokuwa akifanya kila tulipopita. Sijui kilichonisukuma. Nilimwambia yote, la damu, la pazia, la tende na mbuzi. Nilimwambia, "Baba, mimi utoto wangu wote nilidhani wewe ndiye uliyemuua Ami Nassor."

Alicheka. Kicheko kifupi, ambacho hakikufika popote. Kisha akasema, "Simamisha gari, mwanangu."

Nilisimama kando. Malori yalikuwa yakipita na kulitikisa gari. Baba alifungua kioo, akakaa na kiwiko chake nje, ananipa kisogo.

"Muda wote mama alipokuwa akimngoja, Nassor alikuwa hai," akasema. "Hata dukani kwangu alikuwa hai. N'kimuuliza, ananijibu. Mimi nikachagua ganda langu, nikafyatua, na kesho yake nikapokea mikono ya watu. Baada ya hapo nilimwita mpaka nikachoka."

Akageuka, akaniwekea mkono begani, na safari hii sikukakamaa.

"Mji mzima," baba akasema, "wewe peke yako ndiye uliyeona sawa."